Kwa nini kulungu wa Maui hawaishi hata wakiwindwa?

Unamjua chitali? Ni kulungu wa India mwenye madoa meupe. Pembe za swala haziotI tena zikivunjika, lakini dume la chitali huangusha zake kila mwaka na kuotesha mpya. Zikiwa changa hufunikwa na ngozi laini yenye damu. Zikikomaa, ngozi hukauka na dume huisugua kwenye miti mpaka itoke.

Kulungu wa nchi za baridi hufanya hivyo kwa msimu mmoja. Chitali kila mmoja ana kalenda yake: huyu pembe zimekomaa, yule ndo kwanza zinachipua. Kwa hiyo dume la kupanda halikosekani, na majike huzaa mwezi wowote.

Hilo ndilo linawatesa wafugaji wa Maui, Hawaii, ambako chitali waliletwa mwaka 1959. Hakuna simbamarara wala chui wa kuwala. Machi 2021, baada ya ukame, gavana alitangaza hali ya dharura.

Kuwinda madume yenye pembe kubwa tu hakusaidii: dume moja hupanda majike mengi. Wanaopaswa kupunguzwa ni majike, tena mwaka mzima.