Nani Kamtuma Mpelelezi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Inspekta Wingo wa Simu ya Kifo, riwaya ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, akila mshahara wake halali wa polisi. Leo narudi nyuma kidogo, Unguja kwa Bwana Msa, kisha nivuke kwenda Dar es Salaam kwa Willy Gamba. Riwaya hizi nimezisoma upya miezi hii ya karibuni, nyingine kwa nakala zisizo na jalada wala kurasa za mwanzo, maana vitabu vya namna hii huazimwa mpaka vikaisha. Kwa wanaotaka kujua mapema nani namwona bora: kwa ufundi wa kusimulia ni Bwana Msa, na kwa kukukosesha usingizi ni Gamba. Ila swali langu si hilo. Nataka kujua kila mmoja wao katumwa na nani, kwa sababu ukishamjua mtumaji unajua pia maswali ambayo mpelelezi hatathubutu kuyauliza.

Muhammed Said Abdulla, aliyembuni Bwana Msa, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari alifanya kazi katika idara ya afya, na mimi hupenda kudhani kwamba huko ndiko alikojifunza kuingia nyumba za watu na kuona yale ambayo mwenye nyumba hakutaka yaonekane. Baadaye alihariri gazeti la Zanzibari, na kuanzia mwaka 1958 akalihariri Mkulima. Riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 hadi 1958, ikachapwa mwaka 1960. Tangu hapo watu wamekuwa wakisema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Wana sababu: kiko anacho, rafiki wa kumshangaa anaye, ndiye Najum, na polisi wanahangaika huku yeye akivuta moshi na kutafakari.

Lakini ufanano huo unaishia kwenye kiko. Holmes anaishi London, mji wa mamilioni ya watu wasiojuana. Mgeni anaingia mlangoni, Holmes anatazama matope ya viatu na mkunjo wa mkono wa koti, anamwambia atokako na kazi afanyayo. Huo ni ujuzi wa mji wa wageni. Unguja ya Bwana Msa haina wageni. Anayepita njiani unamjua, unamjua na baba yake, na kama humjui utamwuliza jirani ambaye hatakosa la kukwambia. Basi mpelelezi wa kisiwani atapata nini kwenye matope ya viatu? Kazi yake ni ngumu zaidi: kulipata lile ambalo kila mtu analijua nusu na hakuna anayelitamka. Anakaa barazani na kunywa kahawa, anaacha wazee wazungumze, na anasubiri pale mazungumzo yanapokatika ghafla. Pale pale ndipo penye kesi.

Na mara nyingi linalofichwa ni nasaba. Nani mtoto wa nani, nani alizaliwa na nani kabla ya ndoa ipi, nani anaitwa mjomba na si mjomba. Msomaji wa leo anaweza kuona huu ni udaku tu. Kwa Unguja ya zamani lilikuwa suala la ardhi na mikarafuu. Mirathi iligawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na mafungu yanategemea uhusiano wa damu na ndoa. Mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake alirithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Asipokubaliwa hana lake. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini amri ile iliwaacha masuria kando, na ilichukua hadi mwaka 1909 wao nao kuguswa na sheria. Abdulla alikua katikati ya wazee waliokumbuka yote hayo kwa majina. Kwa hiyo katika riwaya zake shamba lina hati mbili, moja iko ofisini na nyingine iko kifuani mwa bibi kizee fulani, na ya pili ndiyo yenye uzito.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale mwenye shamba, Bwana Ali, anatoweka, na maiti yake inapatikana mzimuni. Watu wa mashamba wana jibu tayari: mzimu umekasirika. Jibu hilo lina uzuri wake, kwani linamaliza maneno, watu wanatoa sadaka na maisha yanaendelea. Bwana Msa anakataa kumaliza maneno. Hawatukani wanaoamini mizimu, ila haruhusu mzimu ubebe dhambi ya binadamu. Hapa ndipo nilipompenda zaidi. Ushirikina katika kitabu hiki ni pazia, na wapo waliofurahi sana kwamba pazia lipo. Muuaji simtaji. Kitabu kina umri wa zaidi ya miaka 60 lakini bado wako watakaokifungua kesho kwa mara ya kwanza, na mimi sitaki laana zao.

Sifa nyingine ni Kiswahili chenyewe. Watu wa Abdulla wanasemezana kama watu waliokula chumvi pamoja: utani, mafumbo, methali iliyokatwa katikati kwa sababu mwenzio anaijua iliyobaki. Hiyo pia ndiyo inayomponza. Kuna mahali mazungumzo yanatambaa kurasa baada ya kurasa na kesi imelala. Na sadfa zake ni nyingi mno. Nilipofika katikati ya Duniani Kuna Watu, ya mwaka 1973, ilinibidi nichore mti wa ukoo nyuma ya bahasha ili nijue nani ndugu ya nani, na mti wenyewe ukawa na matawi yanayorudi kwenye shina. Huo ni ukoo au ni mkeka?

Lipo na jambo zito zaidi. Ukiitoa ile ya kwanza, riwaya hizi zilichapwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Mashamba yalikwisha taifishwa na kugawiwa ekari tatu tatu, mabwana wengi wameshakimbia, lakini dunia ya Bwana Msa imebaki ile ile ya wenye mashamba na wafanyakazi wao. Wako wanaoliona hili ni woga, wako wanaoliona ni kiburi. Mimi nadhani Bwana Msa asingeweza kufanya kazi kwingine. Mtumaji wake ni ukoo. Hana cheo wala ofisi. Anaitwa kwa heshima, kama mzee anavyoitwa kusuluhisha, na anapomaliza anawarudishia watu majina yao. Ukoo ukishavunjwa na siasa, nani atamwita? Na ndiyo maana pia haulizi kamwe kama ilikuwa haki shamba kubwa kiasi kile kuwa la mtu mmoja. Anauliza tu mrithi halali ni yupi.

Sasa tuvuke bahari. Aristablus Elvis Musiba, mwandishi wa Gamba, alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974. Willy Gamba hanywi kahawa barazani. Anapigiwa simu usiku, anapanda ndege, anafikia hoteli nzuri, anatongoza, anapigana, analipua. Katika riwaya hiyo nyaraka za siri za ukombozi wa Afrika zimeibwa Dar es Salaam na nyayo zinaelekea Nairobi. Kikosi cha Kisasi, ya mwaka 1979, inamfikisha Kinshasa kuwasaka wauaji wa wapigania uhuru. Njama ilifuata mwaka 1981, Hofu mwaka 1988.

Wasomi wetu wa miaka ile waliigawa riwaya mafungu mawili, dhati na pendwa, na Gamba akatupwa fungu la pili pamoja na kashfa kwamba ni James Bond aliyepakwa rangi nyeusi. Kashfa hiyo ni ya haraka mno. Bond wa Ian Fleming anatetea dola iliyokuwa ikipoteza makoloni yake, na maadui zake ni vichaa wanaoishi visiwani na kutaka kuitawala dunia. Msomaji wa Gamba hakuhitaji kubuni vichaa. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa mjini humo mwaka 1962. Vyama vya ukombozi vya Afrika Kusini, Rhodesia na Namibia vilikuwa na ofisi zao. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu akiwa Oyster Bay na bomu lililofichwa ndani likamuua. Aliyekuwa akiishi Dar es Salaam wakati huo alijua kwamba mpangaji wa chumba cha pili aweza kuwa mpigania uhuru, au mtu aliyelipwa kumwua mpigania uhuru. Na mwaka ule ule Kufa na Kupona ilipotoka, mwezi Aprili, utawala wa Caetano wa Ureno, mkoloni wa Msumbiji, uliangushwa Lisbon. Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Msomaji aliyekifunga Kufa na Kupona usiku na kuwasha redio asubuhi alikuta habari zinaendelea pale pale.

Kwa hiyo Gamba alikuwa na uzito, na Musiba alijua kuendesha hadithi. Sura inakatika pale unapotaka isikatike. Mapigano yake unayaona. Majina ya miji hayakuwekwa kwa pambo, kwani bara zima linakuwa uwanja mmoja ambamo Mtanzania anatembea kama mtu wa kwao. Hisia hiyo siku hizi nimeikosa katika vitabu vyetu, na nilipoikuta tena nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kinachonichekesha ni maisha yake. Huyu ni mtumishi wa nchi ya Azimio la Arusha, nchi ambayo kiongozi alikatazwa hata kuwa na nyumba ya kupangisha, lakini vinywaji vyake ni vya bei, magari yake ni ya kasi na suti zake hazikushonwa na fundi wa Kariakoo. Njama inachapwa wakati wasomaji wake wanapanga foleni ya sukari na sabuni. Wengine wanasema huo ni unafiki wa mwandishi, na wanakumbusha kwamba Musiba alikuwa mfanyabiashara, tena aliyekuja kuwa rais wa chemba ya wafanyabiashara wa nchi. Mimi naona ni likizo. Ujamaa ulimpa Gamba kazi na sababu ya kuua. Safari na anasa zilimpa msomaji nafasi ya kupumzika na ujamaa kwa jioni moja. Wanawake ndio walioilipia likizo hiyo. Wanaingia wakiwa wazuri kupita kiasi, na wengi wanatoka wakiwa maiti au wasaliti. Bibi kizee wa Unguja mwenye siri moja kifuani ana nguvu kuliko warembo wote wa Gamba kwa pamoja.

Lawama yangu kubwa ni nyingine. Mtumaji wa Gamba ni dola, na dola ina sura moja: Chifu, mkuu wake wa kazi. Chifu anapiga simu, Willy anakwenda. Katika vitabu hivi ubaya una makao nje, kwa makaburu na vibaraka wao. Msaliti wa ndani akipatikana, basi kanunuliwa na watu wa nje; hakuzaliwa na mfumo wetu. Hakuna ukurasa ambao Willy anakaa na kujiuliza kama Chifu anamwambia kweli. Bwana Msa, pamoja na utulivu wake, alikuwa tayari kumfikisha mwenye nyumba aliyemkaribisha mahali pa aibu. Gamba hawezi. Na ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini mwaka 1994 akabaki bila adui aliyemzoea. Uchu, ya mwaka 2000, ilibidi imtafutie kazi nyingine, na msomaji aliyekua naye anausikia mshindo wa gia zikibadilishwa.

Sitaki ionekane kwamba namwangusha. Nikiwa kwenye basi la kwenda mbali nitambeba Gamba mkobani, simbebi Msa. Lakini nikitaka kujua jinsi watu wanavyoficha mambo, narudi Unguja.

Mwaka 1984 mambo mawili yalitokea kwenye rafu za vitabu. Abdulla alitoa Kosa la Bwana Msa, ambamo tangu kwenye jalada mzee wetu anahusishwa na kosa. Na kijana aliyezaliwa Kigoma mwaka 1958, Ben Mtobwa, akatoa Pesa Zako Zinanuka, mwaka mmoja tu baada ya ile vita ya serikali dhidi ya wahujumu uchumi, wakati watu walikuwa wakitupa magunia ya bidhaa usiku wasikutwe nayo. Mtobwa pia ndiye aliyetupa Joram Kiango, mpelelezi asiyetumwa na ukoo wala na Chifu, ambaye Inspekta Kombora wa polisi hajui amshukuru au amfunge. Kiango na mwenzake Nuru ndio wenye zamu wiki ijayo, pamoja na Hussein Tuwa na kizazi kilichofuata. Mwenye nakala ya Tutarudi na Roho Zetu? ya Mtobwa ambayo kurasa zake zimetimia aisome kabla, kwa sababu safari hiyo mwisho wa kitabu nitautaja.