MIKOJO INAYOPITA YENYEWE

Mama, kama tangu ulipozaa mikojo inapita yenyewe mchana na usiku, hakuna mtu aliyekuloga. Ni fistula. Uchungu ukikawia siku mbili ao tatu, kichwa cha mtoto kinafinya kibofu kwenye mfupa, nyama inakosa damu na kufa. Kisha siku chache inatoboka. Ugonjwa huu unawashika zaidi wamama wa mbali na barabara, wasio na pesa ya watu wa kubeba kipoyi.

Kule Bukavu iko hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999. Wanafunzi wa udaktari wa Université Évangélique en Afrique wanajifunza pale. Wanaona namna ya kushona tundu la uzazi, hata lile la jeuri ya vita. Lakini uzi hautoshi. Mama aliyetendewa jeuri anapata pia mtu wa kumsikiliza, msaada mbele ya sheria, na kazi ya kumrudisha kati ya watu. Mimi naona hiyo ndiyo dawa ngumu zaidi.

Usikae nyumbani kwa haya. Ukifika mapema, tundu dogo pengine linajifunga kwa sonda tu, bila kupasuliwa. Na ninyi wakunga: uchungu ukipita saa kumi na mbili na mtoto hajatoka, msingojee bwana arudi shambani. Mbebeni mama mpaka hospitali yenye kupasua.