Mbwa Mzee Apata Bwana Mpya

Mwaka 1860, mjini London, mama mmoja jina lake Mary Tealby alifungua nyumba ya kutunzia mbwa waliopotea na wenye njaa. Watu wengine walimcheka. Nyumba ile ingali ipo, na leo miji mingi ina nyumba za namna hiyo.

Waendao huko kuchagua mbwa hupenda watoto wa mbwa. Mbwa mzee, mwenye nywele nyeupe mdomoni, huachwa. Mara nyingi hana kosa: bwana wake amekufa, au amehama. Tena mtoto wa mbwa hutafuna viatu, na tabia yake haijajulikana. Tabia ya mbwa mzee yaonekana mara.

Anayempokea ampe chakula laini, kwani meno yamelika, na mahali pakavu pa kulala, kwani viungo vyamwuma. Ampeleke kwa mganga wa wanyama achanjwe, asipatwe na kichaa. Siku za kwanza mbwa hula kidogo, hutazama mlango. Asipigwe: anamngoja bwana wake wa zamani. Akitendewa kwa upole, polepole atamzoea bwana mpya.

Siku zake zilizobaki ni chache. Mungu alitupa wanyama tuwatunze, wala si wakati wa nguvu zao tu.