Mihogo, mto na kabine



Mara nyingi tunaandika hapa juu ya mbegu na mbolea. Leo ni maji. Kuhara kukiingia nyumbani mwezi wa 11, wakati wa kupanda mahindi, mama anabaki na mutoto ku santre, jembe linabaki mu kona, na mvua haingojei mutu.

Programu ya Village Assaini, ambayo Wizara ya Afya inaendesha pamoja na UNICEF, ina masharti 7. Kati yake: nyumba 80 kwa 100 ziwe na kabine safi, nyumba 60 kwa 100 wanawe mikono na sabuni ao majivu, kijiji kifagiliwe mara 1 kwa mwezi. Mihogo haimo mu hesabu hiyo. Kwetu Kasaji, kwa maoni yangu, ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza.

Juu ya nini? Kwa sababu tunalowesha mihogo palepale tunapochota maji ya kunywa. Maji inaoza, inanuka, sumu ya mihogo michungu inatoka humo, na wenye kulowesha wanaingia na miguu. Basi tupange mto: juu kuchota, chini yake kuoga na kufua, chini kabisa mihogo. Na kama kuna kijiji kingine chini yenu, chimbeni shimo la kulowesha mbali na mto, ao tumieni pipa.

Mutu atasema: mu pipa inachelewa. Ni kweli, zaidi mwezi wa 6 na wa 7, juu ya baridi. Bakisha maji kidogo ya mara iliyopita, mihogo italainika haraka. Lakini usikate siku! Mihogo michungu ikae siku 3 ao 4, mpaka ilainike hata ndani, kisha ikauke muzuri. Kule Kahemba, mu Kwango, konzo imelemaza miguu ya batoto na bamama wengi: walikula mihogo michungu isiyoloweshwa ya kutosha, bila maharage wala samaki ya kusaidia mwili. Konzo haina dawa ya kurudisha miguu.

Sasa kabine. Udongo wetu ni mchanga, shimo inaanguka na mvua ya kwanza. Chimba wakati wa kiangazi, shikilia kuta na miti iliyosukwa kama kikapu, ao na tofali. Iwe mita 30 toka kisima, na chini ya shimo ibakie mita 1 na nusu juu ya maji: maji ya mwezi wa 3, si ya mwezi wa 9, kwani inapanda. Kifuniko kinazuia nzi. Majivu ya jikoni, tupa humo kila mara.

Shimo ikijaa, funika na udongo, panda mugomba juu. Usifukue kupeleka ku lenga-lenga mbele ya miaka 2, mayai ya minyoo haifi haraka.

Mbele ya mvua ya mwezi wa 10, komite ipite mtoni pamoja na shefu wa kijiji, wasimike miti mahali pa kuchota.