Safari ya Angani na Mambo ya Moyo katika Hadithi za Kisayansi

Wasomaji wengi huzichukulia hadithi za kisayansi kuwa ni masimulizi ya mitambo na viumbe wa ajabu. Hata hivyo, lipo tawi linalowaacha viumbe hao na kumtazama binadamu mwenyewe: yule anayesafiri, na yule anayebaki nyumbani akimngojea.

Tawi hilo lina sharti moja. Mwandishi hukubali kufungwa na sheria za maumbile. Haruhusiwi kuufuta umbali kwa miujiza. Sharti hilo laonekana kuwa la kitaalamu tu, kumbe ndilo linalozaa maudhui. Mawimbi ya redio hutumia takribani dakika 3 hadi 22 kutoka Dunia hadi Mirihi, kutegemea mahali zilipo sayari hizo. Baba aliye huko akiuliza, “Mtoto amepona?”, huenda akalingoja jibu kwa zaidi ya dakika 40. Mazungumzo yamegeuka barua, na hesabu ya fizikia imekwisha kuwa uchungu.

Mifano miwili yatosha. Katika riwaya ya Andy Weir, The Martian (2011), mwanaanga anaachwa Mirihi kwa kudhaniwa amekufa. Hapigani na adui yeyote. Anapanda viazi na kuhesabu siku ambazo chakula kitamtosha. Ray Bradbury, katika hadithi fupi “The Rocket Man” (1951), hakujishughulisha sana na hesabu. Msimulizi wake ni mtoto wa mwanaanga. Baba akiwa nyumbani hutamani nyota. Akiwa kwenye nyota hutamani nyumbani. Mama amejizoeza kumhesabu kuwa marehemu, kwa kuwa mumewe akifia kwenye sayari fulani, yeye hataweza tena kuitazama ikiwaka usiku. Mwishowe chombo kinaangukia juani, na jua halikwepeki: mama na mwana wanalala mchana na kuamka usiku.

Mambo ya namna hii si ya kubuni tu. Sergei Krikalev aliondoka Mei 1991, akiwa raia wa Umoja wa Kisovyeti, kwenda kukaa katika kituo cha angani cha Mir. Aliporejea Machi 1992, baada ya siku 311, nchi iliyomtuma haikuwapo tena, na Leningrad, mji aliozaliwa, ulikuwa umerudishiwa jina la Saint Petersburg. Msafiri alirudi, alikotoka ndiko kulikokuwa kumeondoka.

Kutokana na hayo, lipo funzo kwa waandishi wa Kiswahili. Mara nyingi husemwa kwamba lugha hii haina istilahi za kutosha za kuandikia hadithi za angani. Istilahi za mitambo zaweza kuundwa au kukopwa. Lakini kiini cha hadithi hizi ni kuaga, kungoja, ukiwa na kurejea; na kwa mambo hayo Kiswahili hakihitaji kukopa neno hata moja.