Kutoka Njira hadi Ndia: Kupanga Likizo ya Polepole ya Bara na Pwani kwa Usafiri wa Umma

Utangulizi

Kila likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa vyuo vilivyo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, tuseme Chuka, Embu na Meru, huulizana swali moja: tutashuka Mombasa lini? Aghalabu jibu huwa ni basi la usiku. Msafiri hupanda jioni, hulala akiwa ameketi, na alfajiri hujikuta amefika baharini. Amevuka nusu ya nchi bila kuiona. Iwapo ni mwanafunzi wa Kiswahili, amefanya kosa kubwa zaidi: ameivuka bila kuisikia.

Makala hii inakusudia kueleza namna ya kupanga safari ya aina nyingine, ya siku kumi na mbili hivi, kwa matatu, treni na mashua, inayoanzia Makutano na kuishia Pwani. Tunashikilia kuwa safari ya namna hiyo, pamoja na kuwa ni mapumziko, ni somo la lahaja na la isimu linganishi ambalo ukumbi wa mihadhara hauwezi kulitoa peke yake.

Makutano yapi?

Jambo la kwanza ni kujua unakoanzia. Jina Makutano limetapakaa nchini Kenya kwa sababu kila njia panda inastahiki kuitwa hivyo. Yapo Makutano ya mjini Meru. Yapo Makutano ya upande wa Mwea, ambapo barabara ya Embu huachana na ile iendayo Sagana na Nyeri. Yapo mengine Kapenguria, na mengine kwenye njia panda ya Machakos katika barabara ya Mombasa. Kwa hiyo usimwambie utingo "nishushe Makutano" ukadhani umesema yote. Mtajie na mji ulio karibu.

Kwa mwanaisimu, jina hili ni fundisho dogo. Kitenzi kukutana kimezaa nomino ya mahali, nayo nomino hiyo ya Kiswahili imekita mizizi katikati ya wasemaji wa Kimeru, Kiembu na Kikuyu. Kiswahili kilifika njia panda kabla ya kufika vijijini.

Njia ya bara: Embu, Kitui, Kibwezi

Wengi hudhani kuwa hakuna njia ya kwenda Pwani isipokuwa kupitia Nairobi. Ipo. Msafiri wa Meru huteremka kwa matatu kupitia Nkubu na Chuka hadi Embu. Wa Makutano ya Mwea huingia Embu kwa mwendo mfupi tu. Kutoka Embu barabara huelekea Kiritiri katika nchi ya Wambeere, ikavuka Mto Tana katika eneo la mabwawa ya umeme. Mabwawa hayo ni matano: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Maji yanayoyajaza hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na baada ya kuzalisha umeme huendelea na safari yao ya polepole hadi Kipini, baharini. Huko Kipini ndiko masimulizi yanakoweka kaburi la Fumo Liyongo. Mto wenyewe basi umetutangulia katika safari hii.

Baada ya Tana barabara hukutana na ile ya Thika na Garissa, kisha kupitia Kanyonyoo na Kwa Vonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ikafika Kitui. Usitarajie gari moja la kukufikisha. Utabadilisha matatu mara mbili au tatu, na kila kituo utangoja gari lijae. Lala Kitui usiku wa kwanza, na ukiweza ulale na wa pili. Kula muthokoi. Keti sokoni.

Ni vyema kukumbuka hapo kwamba mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha makazi Rabai mwaka 1846, alikuja nchi hii ya Kitui kwa miguu, akawa mwenyeji wake ni Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Akiwa Kitui aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba mwaka huo. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ilijengwa juu ya usemi wa Mombasa. Sisi tunaifuata njia hiyo hiyo kinyumenyume, kutoka mlimani hadi kwenye lahaja aliyoiandika.

Kutoka Kitui, barabara ya lami hupitia Mutomo hadi Kibwezi. Lala Kibwezi, au Makindu iliyo jirani, ambako hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 lina desturi ya kuwapa wasafiri chakula bila malipo. Mgeni hufunika kichwa, huvua viatu, na haingii na tumbaku wala pombe. Anayebeba miraa au muguka kutoka nyumbani na aiache nyumbani.

Treni inayosimama

Treni ya abiria ya reli mpya ilianza kazi mwishoni mwa Mei 2017. Iko ya moja kwa moja, na iko ile inayosimama vituoni: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Hiyo ya pili ndiyo yetu. Huondoka Nairobi asubuhi, kwa hiyo aliyelala Kibwezi au Makindu hana haja ya kukimbia.

Nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa mwaka 2024. Anayepandia njiani hulipa chini ya hapo kulingana na masafa. Tiketi hukatwa mapema kwa simu, na kitambulisho ni lazima. Mwezi wa Desemba na siku za Pasaka viti huisha upesi, hivyo sehemu hii ya safari ndiyo pekee inayodai tarehe isiyobadilika. Panga siku nyingine zote kuizunguka.

Shuka Voi. Matatu za Mwatate na Wundanyi zitakupandisha milima ya Taita, penye baridi, migomba na mashamba ya ngazi, mandhari yatakayomfanya mtu wa Meru ajihisi kwao. Siku mbili huko zinatosha kupumzisha mwili. Kisha rudi Voi, upande treni hadi Miritini, na kutoka hapo matatu hadi Mombasa kisiwani.

Neno moja, vinywa vinne

Faida ya mwendo huu wa pole hudhihirika katika maneno ya kawaida kabisa. Tuchukue neno njia. Kikuyu, Kiembu na Kimeru husema njira. Ukivuka Tana na kuingia Ukambani utasikia nzia. Ukifika Mji wa Kale wa Mombasa utatembea katika barabara iitwayo Ndia Kuu, kwa kuwa Kimvita, sawa na Kiamu, husema ndia pale ambapo Kiswahili sanifu husema njia. Wanaisimu wa Kibantu hueleza kuwa neno asilia lilikuwa na sauti ya l katikati. Wenzetu wa mlimani wameigeuza kuwa r, ilhali Kikamba na Kiswahili zimeidondosha. Badiliko lililomchosha mwanafunzi ubaoni kwa saa mbili, matatu humwonyesha kwa siku nne, tena kwa mfuatano.

Tahadhari moja ni muhimu. Jimbo la Ndia katika Kirinyaga, lililo jirani na Makutano ya Mwea, lisituhadae. Kufanana kwa umbo si ushahidi wa udugu wa maneno. Hilo nalo ni somo.

Pwani: kaskazini au kusini?

Msafiri wa polepole hachagui yote mawili. Akielekea kaskazini, atapanda matatu za Kilifi na Malindi. Atashuka Gede kuyaona magofu ya mji wa Waswahili yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, miaka kumi na mitatu baada ya Fort Jesus na ishirini na mitatu baada ya mji wa kale wa Lamu. Anayeazimia kufika Lamu hupanda basi hadi Mokowe na kumalizia kwa mashua. Barabara hiyo imewahi kukumbwa na mashambulizi, basi na aulize hali ya usalama kwanza na asafiri mchana.

Akielekea kusini, atavuka Likoni kwa feri, ambayo haimtozi mwenda kwa miguu, kisha matatu za Ukunda na Msambweni hadi Shimoni, na mashua hadi Wasini. Huko ndiko kwenye Chifundi na Kivumba, lahaja ambazo wengi wetu tunazijua kwa majina tu.

Muhula wa Kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi kuliko wakati wa Kusi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Anayefika wakati huo ale kwa staha na asubiri futari.

Adabu ya msikilizaji

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa kando ingawa kilikuwa lugha ya washairi wa hadhi ya Muyaka bin Haji. Tangu hapo shule zimetufunza kuwa kilicho nje ya usanifu ni kosa. Mwanafunzi wa bara aliyepata alama nzuri katika mtihani hushuka Pwani akiwa hakimu. Husikia bibi muuza mahamri akisema mato badala ya macho, naye hutabasamu kwa dharau au hata kumsahihisha. Hajui kwamba anamsahihisha mwenye lugha.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Amkia kwanza: shikamoo kwa mkubwa, ukiambiwa "hujambo mwanangu" ujibu kwa utulivu. Usimrekodi mtu bila idhini yake. Usimgeuze mzee kuwa kielelezo. Zungumza naye kuhusu samaki, mvua na wajukuu, na lahaja itakuja yenyewe. Akikuuliza kwenu mnasemaje, mwambie njira. Atafurahi, na mtakuwa mmepeana.

Hitimisho

Kwa muhtasari: siku nne za Embu, Kitui na Kibwezi, mbili za Taita, mbili za Mombasa, na nne za upande mmoja wa Pwani. Tenga fedha za nauli kwanza, malazi ya nyumba za wageni pili, na akiba ya kurudi uiweke mbali na mkoba wa matumizi, kwani wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Beba daftari. Andika neno, mahali na siku ulipolisikia.

Idara zetu hazina fedha za kutosha za kumpeleka kila mwanafunzi nyanjani. Matatu zipo, treni ipo, na wasemaji wapo. Baadhi ya wazee wanaosema ndia kwa ukamilifu wake hawatakuwepo likizo ijayo.