Tinti ya Gari: Kuona na Kuonekana Barabarani

Sherikat iko upande wa mashariki wa mto Nile, mwanzoni mwa barabara ya takriban kilomita 192 itokayo Juba hadi mpaka wa Nimule. Malori, mabasi, magari madogo na bodaboda hupita hapa kila siku. Jua nalo ni kali. Kwa hiyo hatushangai kumwona mwenye gari akinunua karatasi ya giza, yaani tinti, na kuibandika mwenyewe nyumbani kwa maji ya sabuni na kifuto cha mpira. Kubandika si kazi ngumu. Yanayofuata baada ya kubandika ndiyo tunayopenda kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni kipimo. Kioo cha gari, hata kabla ya kubandikwa kitu, hakipitishi mwanga wote. Tuchukue mfano wa kioo kinachopitisha sehemu 75 katika kila 100. Kikibandikwa karatasi inayopitisha 35, mwanga unaobaki si 35 bali ni takriban 26. Mnunuzi husoma namba ya karatasi na kukisahau kioo chenyewe. Kwa kulinganisha, sheria ya Uingereza hutaka kioo cha mbele cha magari mengi kipitishe angalau 75, na vioo vya pembeni mwa dereva 70.

Jambo la pili ni usiku. Mchana dereva haoni tofauti kubwa, ila jua likizama, mtoto anayevuka au mwendesha baiskeli asiye na taa huchelewa kuonekana. Hapa kwetu hatari huzidi. Tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hali magari mengi yaliyoingia kupitia Uganda na Kenya yana usukani upande wa kulia. Dereva wa gari kama hilo anapotaka kulipita lori, hana budi kutazama kushoto, ng'ambo ya kiti cha abiria, kupitia kioo kile kile kilichotiwa giza.

Jambo la tatu ni usalama wetu sote. Mjini Juba, zaidi ya mara moja imetolewa amri ya kuondoa tinti, kwa sababu wahalifu hujificha nyuma yake. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani usiku, asipoona aliyemo garini, huingiwa na wasiwasi. Dereva naye huingiwa na hofu. Wasiwasi na hofu vikikutana mbele ya bunduki, asiye na hatia anaweza kuumia. Ukifika kwenye kizuizi, punguza mwendo, shusha vioo, washa taa ya ndani, na uache mikono ionekane juu ya usukani.

Joto lina dawa nyingine. Egesha gari kivulini, weka kinga ya jua nyuma ya kioo cha mbele wakati gari limesimama, na fungua milango kwa dakika chache kabla ya kuondoka. Zipo pia karatasi angavu zinazozuia miale hatari ya jua bila kuleta giza. Hata hivyo, uliza kwanza ofisi ya trafiki iliyo karibu nawe.

Aliyenunua gari lenye tinti anaweza kuibandua mwenyewe. Liache gari juani hadi gundi ilainike, inua pembe moja ya karatasi, vuta polepole, kisha osha gundi iliyobaki kwa maji ya moto yenye sabuni. Usitumie wembe kwenye kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, maana zikikatwa hazitafanya kazi tena.

Kwa wasafiri wa mpakani tunaongeza neno moja: kila nchi ina kanuni zake. Kilichokubaliwa upande mmoja chaweza kukuzuia upande wa pili. Ulizeni kabla ya safari. Tahadhari kabla ya hatari.